Siku Kumi na Moja za Mpokeaji

1

Ikupa Kasyupa alipanda ngazi arobaini bila kusimama, akafika juu anatabasamu, na Subilaga, aliyekuwa ameketi chumba cha pili na fulana ya kupokelea mwilini, hakusikia maumivu yoyote.

Alisubiri. Maumivu ya mgonjwa wa moyo hayaji na hatua ya kwanza. Huanza kwenye ngazi ya kumi na mbili au kumi na tano, mtu anahisi kama amewekewa kiganja katikati ya kifua. Kiganja kinakuwa ngumi, ngumi inakuwa jiwe, kisha uzito unasambaa begani na kwenye taya. Subilaga alikuwa ameyapokea maumivu hayo kwa miaka tisa, kutoka vifuani mwa watu zaidi ya mia tatu. Miezi minne iliyopita mwanamke huyuhuyu, kwenye ngazi hizihizi, alimpa mawe saba kabla hajafika katikati, hata Subilaga akalazimika kushika ukingo wa kiti. Leo sifuri.

Akaandika sifuri. Kabla hajavua fulana, kile kitu kikaja tena.

Hayakuwa maumivu. Ulikuwa ubaridi ulioanzia chini ya kwapa la kushoto na kuteremka mkononi, na nyuma ya ubaridi ikaja hofu, hofu tupu isiyo na sababu wala mwenyewe. Viganja vikamtoka jasho. Ikakaa kwa muda wa pumzi sita au saba, ikaondoka. Kupitia kioo cha ukutani, kinachoonyesha upande mmoja tu, alimwona Ikupa akijifunga kitenge upya huku akimweleza muuguzi jinsi viazi vya mwaka huu vilivyooza kwa mvua. Uso wake haukuonyesha kuwa amesikia lolote.

Fomu ilikuwa na nafasi moja tu, ya idadi ya mawe, kuanzia sifuri hadi kumi. Hofu haikuwekewa nafasi.

Kazi ya upokeaji ilizaliwa kwa sababu watu hawasemi kweli kuhusu maumivu yao, na si kwa ubaya. Mzee wa Rungwe akiulizwa na daktari anajisikiaje atajibu hajambo hata kama ameletwa kwa kubebwa, maana kumjibu vingine mtu aliyekusalimu ni kukosa adabu. Mwingine atayakuza ili asinyimwe dawa. Ndiyo maana, tangu ilipopitishwa Sheria ya Ushahidi wa Mwili, hakuna dawa ya maumivu iliyouzwa nchini kabla maumivu yenyewe hayajapimwa ndani ya mwili wa mtu mwingine asiye na la kupata wala la kupoteza. Mgonjwa alibandikwa kiraka kifuani, mpokeaji akavaa fulana, ukuta ukawa katikati yao. Na mpokeaji alikatazwa kuzungumza na mgonjwa nje ya chumba cha vipimo, asije akaanza kupokea kwa huruma.

Jaribio la safari hii lilikuwa la dawa mbili kwa pamoja. Wagonjwa themanini wa vijiji vya milimani walikuwa wakimeza kidonge cheupe, dawa ya zamani inayoupunguzia moyo mwendo. Nusu yao waliongezewa kidonge cha manjano, kipya, cha kupanua mishipa midogo ya moyo. Nusu nyingine walipewa cha manjano kisicho na dawa ndani. Nani alimeza kipi, pale kituoni hakuna aliyejua, hata Daktari Nehemia Kibiki aliyeliongoza jaribio. Orodha ilikuwa imefungwa kwa kamati ya usalama huko Dodoma, nayo haifunguliwi ovyo.

Lakini Subilaga alijua. Kifua chake kilikuwa kimewagawa wagonjwa wale mafungu mawili tangu mwezi wa pili. Wapo waliokuja na mawe yao, yamepungua kidogo, manne, matano. Na wapo waliokuja na sifuri, na baada ya sifuri ubaridi ule. Hao wa sifuri walikuwa arobaini kamili. Wawili kati yao walikuwa wameshakufa, kila mmoja nyumbani kwake, bila kulalamikia chochote. Mmoja alianguka anakamua ng'ombe, na mkewe alisema asubuhi ile alikuwa akiimba.

2

Asubuhi ileile, tarehe nne mwezi wa sita, alimfuata Daktari Kibiki ofisini na kumweleza yote: ubaridi, hofu, wale wawili. Alimwambia anachokifikiri, kwamba kidonge cha manjano kikikutana na cheupe hakiuponyi moyo, bali kinaunyamazisha. Moyo unaendelea kukosa damu kama zamani, ila hauwezi tena kumwambia mwenyewe apumzike.

Daktari hakumcheka wala hakumkatiza. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi zilizomwahi, na wote pale kituoni walijua kuwa baba yake, mgonjwa wa moyo, alikaa miaka mitatu ameegemea ukuta, hawezi kulala chali, hawezi kufika chooni bila kusimama mara nne njiani, hadi akafa. Alimjibu kwamba kwenye kundi la mawe pia amekufa mtu mmoja. Wawili kwa mmoja si ushahidi. Ni bahati mbaya ya ugonjwa wenyewe. Vipimo vya damu vilikuwa safi. Na ubaridi haukuwamo kwenye mpango wa jaribio, kwa hiyo hata akitaka kuuhesabu hajui auhesabu vipi.

Kisha akamkumbusha sheria. Mpokeaji ana haki ya kuandika taarifa yake mwenyewe na kuituma kamati moja kwa moja. Taarifa ya namna hiyo ikifika, dawa husimamishwa siku hiyohiyo kwa wagonjwa wote, mpaka orodha ifunguliwe na mioyo ipigwe picha.

"Ukiiandika sitaizuia," akasema. "Lakini uwe na hakika, Subilaga. Kuna watu wanaotembea leo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Utawarudishia mawe yao wote, kwa sababu ya kitu ulichokisikia wewe peke yako."

Subilaga akatoka. Hakika hakuwa nayo. Miaka tisa ya kubeba maumivu ya wengine humchosha mtu, na aliwahi kuona mpokeaji mwenzake akianza kusikia vitu ambavyo havikutoka kwa mgonjwa yeyote.

Mchana akaomba ruhusa ya nusu siku, akateremka kwa miguu kuelekea kwa Ikupa Kasyupa. Alijua anavunja sheria. Alitaka kumwuliza mtu mmoja tu.

3

Nyumba ya Ikupa ilikuwa ukingoni mwa shamba la chai, pale mashine za kuchuma zinapogeuzia. Zamani yeye mwenyewe alikuwa mchumaji, kabla ya mashine. Subilaga alimkuta uani akimwogesha mumewe juani.

Mzee Ambakisye alikuwa amepooza mwaka wa tatu sasa, upande wa kulia wote na ulimi. Alikuwa mkubwa wa umbo, fundi mawe wa zamani, na ugonjwa haukuwa umempunguza sana. Ikupa alimshika chini ya makwapa, akamwinua kutoka kwenye beseni, akamlaza juu ya mkeka, akamgeuza ubavu, akaanza kumkausha mgongo, akifanya hayo yote huku akimsimulia mumewe kuhusu mbuzi wa jirani aliyeingia kwenye maharage. Ngozi ya mgongo wa mzee ilikuwa nzima, inang'aa kwa mafuta.

Subilaga akajitambulisha. Ikupa hakuwa amewahi kuuona uso wake, lakini aliposikia kuwa ndiye wa upande wa pili wa ukuta alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekutana na ndugu wa tumbo moja asiyemjua. Akamletea kigoda na ndizi za kuchemsha.

Subilaga alieleza kwa maneno machache. Alieleza na wale wawili waliokufa, na taarifa inayoweza kuisimamisha dawa. Akauliza kama naye husikia ubaridi.

Ikupa alisema huusikia. Si kila siku. Mara nyingi ni baada ya kumwinua mzee, au akipanda kutoka mtoni na ndoo. Mwanzoni ulimtisha, sasa anakaa kidogo unapita. Hakumwambia muuguzi kwa kuwa muuguzi aliuliza maumivu, na hayo hakuwa nayo.

"Mama, nadhani hiyo dawa inakuua," Subilaga akasema. "Inakuua polepole na haikuambii."

Ikupa aliendelea kupaka mafuta visigino vya mumewe, kimoja kisha kingine.

"Umewahi kumgeuza mtu asiyejigeuza?" aliuliza mwishowe. "Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku? Mwaka jana nilikuwa namsogeza hatua moja, kifua kinabana, nakaa chini nalia. Alitoboka mgongo. Kidonda kilikuwa kinaingia ngumi, mwanangu, na harufu yake nilikuwa naisikia hata kanisani. Alikuwa ananitazama, hasemi, machozi yanamtoka. Huo mgongo uliouona leo umepona kwa sababu ya kidonge cha manjano."

Subilaga akasema anaelewa.

"Huelewi, lakini si kitu. Mimi nina miaka sitini na moja. Nikifa kabla yake, atakuwa amekaa msafi mpaka siku hiyo. Nikirudishiwa lile jiwe, tutaoza wote wawili, yeye mgongoni, mimi pembeni nikimtazama. Nimeshachagua. Usiniandikie."

Mzee Ambakisye alikuwa akiwatazama kwa jicho moja, lile la upande mzima. Kama alisikia na kuelewa, hakuwa na njia ya kusema.

Subilaga alimsaidia Ikupa kumwingiza mzee ndani. Alishangaa jinsi alivyokuwa mzito. Alipokuwa akipanda kilima kurudi kituoni alijiambia kwamba mtu mzima ameulizwa na amejibu, na kwamba yeye ni nani hata amnyang'anye mwanamke yule mikono yake. Taarifa hakuiandika siku ile. Wala siku iliyofuata.

4

Siku zile alifanya kazi yake kama kawaida, akipokea, akiandika sifuri. Alikuwa mkarimu kwa kila mtu. Usingizi ulimpungua. Kila alipoanza kuitunga taarifa kichwani aliuona mgongo ule uliopona, akaiacha.

Tarehe tisa alikuja Edomu Mwalwisi, mtengeneza matofali wa miaka thelathini na tisa, kijana kuliko wote kwenye jaribio. Ugonjwa wa moyo ulikuwa wa ukoo kwao. Alipanda zile ngazi arobaini mara mbili kwa kujitapa, akamwuliza muuguzi kama anaweza sasa kurudi kwenye tanuri na kubeba mizigo. Muuguzi akatazama fomu, akaona sifuri, akamwambia kwa kuwa hasikii maumivu hana sababu ya kujizuia. Nyuma ya ukuta Subilaga alikuwa ameinama, mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi. Safari hii ilidumu pumzi ishirini. Alitaka kugonga kioo. Aliinua mkono kabisa, kisha akafikiri kwamba akimwambia huyu itambidi awaambie wote, na akiwaambia wote atakuwa ameandika. Akaushusha.

Edomu alifariki tarehe kumi na tano, saa nne asubuhi, akipakia matofali kwenye toroli. Walisema aliweka tofali moja, akasimama wima kidogo kama anayekumbuka jambo, akaanguka.

Habari ilipofika kituoni Subilaga hakulia. Aliketi, akaandika kurasa mbili, akazituma Dodoma kabla ya saa saba. Jioni vidonge vya manjano vilikuwa vimekusanywa kutoka vijiji vyote.

Kuandika kulikuwa kwepesi kabisa. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko mengine. Ikupa alijibu kwa ajili ya nafsi yake, na alikuwa na haki hiyo. Lakini Subilaga alikuwa amelichukua jibu la mtu mmoja akalifanya la watu arobaini. Edomu hakuna aliyemwuliza.

5

Orodha ilifunguliwa. Wale arobaini wa sifuri ndio haswa waliokuwa wamepewa dawa zote mbili. Kifua chake hakikukosea hata mmoja. Waliobaki hai walipopigwa picha za moyo, kumi na wanne walikutwa na makovu mapya, nyama ya moyo iliyokufa bila wao kujua. Ikupa Kasyupa alikuwa na makovu mawili. Kamati ikaandika kwamba mpokeaji wa Rungwe ameokoa maisha ya watu wengi, ikamsifu kwa kuchukua hatua siku ileile alipobaini hatari. Sentensi hiyo ilitoka kwenye barua ya Daktari Kibiki, aliyeiambatisha na taarifa. Hakumwuliza Subilaga kabla ya kuiandika, na Subilaga hakuikanusha.

Daktari alikonda. Mara moja alimkuta Subilaga barazani akamwambia kwamba angemsikiliza tarehe nne, angejipatia usingizi. Subilaga akamwambia hata yeye angelala, kama angejisikiliza mwenyewe. Hawakurudia tena mazungumzo hayo.

Ikupa alirudishiwa mawe yake. Kwa wiki tatu alijitahidi, akimvuta mzee kwa shuka, mwisho akaanguka naye mlangoni, wakakaa pale chini mpaka jirani alipopita. Ndugu za mzee wakaja kutoka Chunya, wakamchukua. Alifariki huko mwezi wa nane. Ikupa alisafiri alipopata habari, lakini kutoka barabarani hadi kijijini kulikuwa na mlima, akalazimika kukaa kila baada ya hatua chache. Alifika watu wameshatoka makaburini.

Alikuja kwenye kipimo chake cha mwisho akiwa amevaa nguo nyeusi. Alipita mbele ya kioo bila kugeuza uso, ingawa sasa alijua nani amekaa nyuma yake. Alipanda ngazi tisa. Subilaga akapokea mawe manane, yakamjaa kifua mpaka kooni, akayachunguza kwa ujuzi wake wote wa miaka tisa na hakuweza kutenganisha yapi yalikuwa ya mishipa na yapi ya msiba. Akaandika nane.

6

Mke wa Edomu alikuja mwezi wa tisa kuchukua cheti ambacho familia za waliofariki ziliahidiwa. Aliitwa Tusekile. Alikuwa na mtoto mgongoni, na alivaa koti la kiume lililomzidi mabega. Daktari Kibiki alikuwa Mbeya siku hiyo, kwa hiyo Subilaga ndiye aliyemkaribisha ofisini, akampa pole, akampa cheti.

Tusekile alikisoma chote. Alisoma polepole, akipitisha kidole chini ya kila mstari, na alipofika kwenye maneno ya kamati kuhusu siku ileile alirudi nyuma akayasoma tena. Akauliza kama mpokeaji anayetajwa pale ni yeye. Subilaga akakubali.

Mwanamke yule akasema amekuja kumshukuru pia, kwa sababu watu wa kijijini walimwambia kwamba bila yeye wangekufa wengi. Alisema hivyo kwa adabu, akiinamisha kichwa. Kisha akasema kuna jambo moja limekuwa likimsumbua, si kwa ubaya, ila anataka kulijua ili alale.

"Ulijua lini, dada?"

Jibu lilikuwa mezani, limepigwa mhuri. Subilaga angeweza kunyoosha kidole tu. Mtoto alikuwa ameamka, akicheza na kifungo cha koti la baba yake.

"Tarehe nne," akasema. "Yeye alifariki kumi na tano. Tarehe tisa alikuwa hapa, nikasikia mkononi mwangu kinachomjia, na nikanyamaza."

Tusekile akauliza kwa nini. Subilaga alianza kumweleza habari za mzee aliyepooza na mgongo wake, akasikia sauti yake mwenyewe ikitafuta kueleweka, akaacha. Alisema hakuna sababu inayotosha.

Nje mashine za chai zilikuwa zikipita, zikirudi. Mtoto akaanza kulia, mama yake akamtoa mgongoni, akamnyonyesha, na muda wote huo hakumwondolea Subilaga macho.

"Andika hiyo," akasema mwishowe. "Kama ulivyoniambia. Huyu akikua ataniuliza, na mimi sitaki kumpa karatasi yenye uongo."

Subilaga alijua maana yake. Mpokeaji aliyetoka nje ya ukuta, akamtembelea mgonjwa, akakaa na alichokijua kwa siku kumi na moja, hawezi tena kuvaa fulana mahali popote nchini, na huenda akashtakiwa. Na Daktari Kibiki naye, aliyeambiwa siku ya kwanza, atafutwa pamoja naye. Akavuta karatasi. Aliandika kwa mkono, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na ya katikati. Akaweka jina la Ikupa Kasyupa, akalifikiria, akalikata. Aliandika kwamba hakuzuiwa na mtu yeyote. Akatia sahihi, akaandika nakala ya pili kwa ajili ya kamati, akampa Tusekile ya kwanza.

Tusekile akaisoma kwa kidole chake, mstari hadi mstari. Alipofika kwenye tarehe alisimama.

"Tarehe nne tulikuwa tunapura maharage," akasema. "Alinikataza nisiinue magunia. Aliyainua yote yeye."

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya koti, akamfunga mtoto mgongoni. Mlangoni alisema kwaheri, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, akaondoka akipitia njia ya chini. Subilaga aliibandika bahasha ya Dodoma, akaketi na kuiweka magotini, kumsubiri daktari arudi kutoka Mbeya, ili amwambie mwenyewe kabla haijatumwa.